Mkwe, Kuku na Buti la Pijo

Mei 19, Jumapili ya Pentekoste

Nesi Philomena wa zahanati amesema presha yangu haipandishwi na chumvi, inapandishwa na mdomo. Eti nikitaka kufoka nichukue kalamu, niandike, halafu nikalale. Nikamwambia shule yangu mimi ni kisomo cha watu wazima, tulisomea ndani ya ghala la pamba na mwalimu mwenyewe alikuwa anasinzia. Akasema, "Bibi, andika hivyo hivyo." Haya, naandika. Asiyependa herufi zangu asizisome.

Leo Paroko ametangaza kwamba mwanangu Raphael atapewa upadri hapa hapa Ushirombo, tarehe kumi na moja Julai. Nilipiga kigelegele mpaka kwaya ikapotea. Tulipotoka nje, shemeji yangu Pantaleo, mdogo wa marehemu mume wangu Alois, akasimama katikati ya watu akizungusha ufunguo kidoleni. "Mama Raphael, usihangaike. Padre wetu nitamleta nyumbani kwa Noah yangu. Ina kiyoyozi."

Nikamjibu, "Raphael ataletwa na Pijo, gari la baba yake. Lilimpeleka seminari akiwa na sanduku la bati magotini, na litamrudisha. Na mimi nitakuwa ndani."

Watu wakacheka. Wana haki, maana Pijo lenyewe liko uani kwangu vipande vipande. Milango imeegemezwa ukutani kama wageni wanaosubiri chai, magurudumu yako chini ya mlimau. Lakini nimeshasema mbele ya parokia nzima. Nikishindwa, Pantaleo atanicheka mpaka siku ya kunizika.

Mei 21

Mkwe amemwaga boliti juu ya turubai langu la kuanikia mahindi. Nimeandika. Nakwenda kulala.

Mei 25

Huyu mkwe ni mume wa binti yangu Dorika. Jina lake la ubatizo silitaji, si kwa mdomo wala kwa kalamu, maana kwetu jina la mkwe halichezewi. Watu humwita Baba Justina. Alikuwa Katoro akitengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Duara lao, yaani shimo la dhahabu, likajaa maji, tajiri akatoroka, naye akaja na mke, mtoto na begi la spana, wakaingia kwenye nyumba yangu ndogo ya uani. Mwanaume mzima anaishi ukweni! Nimemwambia Dorika, "Mwambie mumeo, Pijo likisimama na yeye abaki. Lisiposimama, njia ya Katoro anaijua."

Dorika akanuna. Anune tu, sura ni yake.

Tena kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawasemeshani ana kwa ana. Dorika akiwepo, yeye ndiye anapeleka maneno. Asipokuwepo namtuma kuku wangu, yule mwekundu asiye na mkia. Leo nilimwambia, "Wewe kuku, mwambie mtu fulani boliti hazioti hata zikimwagwa kwenye turubai."

Baba Justina, kichwa kikiwa ndani ya injini, akasema, "Kuku, mwambie Mama nimesikia, nazihamisha."

Kuku alikwenda zake kuparua mchanga. Ujumbe ulifika.

Mei 31

Injini imekohoa, imepiga chafya, imenguruma. Moshi umewafukuza mbuzi wa jirani. Machozi yalinitoka nikasingizia moshi. "Kuku," nikasema, "mwambie mtu fulani kelele zimezidi."

Kiti cha nyuma pia amekirudisha. Amekikaza kama anafunga karasha. Huyo kila kitu anakikaza hivyo, hata kifuniko cha ndoo ya maji tunakifungua wawili wawili.

Juni 3

Baba Justina anataka mpira wa buti, ule unaozunguka ukingo wa buti la gari vumbi lisiingie. Dorika akashika simu. Nikamnyang'anya, maana hawa watoto wanabembeleza sana watu wa dukani. Nikampigia Mabula, mtoto wa kaka yangu, anauza vifaa vya wachimbaji pale Nyahanga, Kahama.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Nitumie mpira wa buti."

"Buti za mpira?"

"Ndiyo hizo hizo. Fanya haraka."

"Namba ngapi, Shangazi?"

Nikazunguka nyuma ya Pijo, nikasoma namba ya aina yake kwenye bati. "Mia nne na nne."

Akaguna. "Ya nani hiyo?"

"Ya Mzee Alois."

"Shangazi, Mzee Alois si tulimzika?"

"Tulimzika yeye, hatukuzika buti lake!"

Mtandao ukakatika. Nilimrudishia Dorika simu nikamwambia, unaona? Hivyo ndivyo mtu anavyoagiza kitu.

Juni 6

Mzigo umeletwa na basi. Gambuti. Nyeusi, pea nzima, kubwa unaweza kumwogeshea mtoto ndani. Mabula akapiga simu: "Shangazi, mia nne na nne haipo Tanzania nzima. Nimekutumia kubwa kuliko zote."

Baba Justina alizitazama, akageukia ukuta, mabega yakawa yanatetemeka. Kama alikuwa analia, basi kilio chake kinafanana sana na kicheko.

Juni 7

Nimezivaa kwenda kuvuna mpunga. Moja imebaki kwenye tope la jaruba, nikarudi nikichechemea. Masalu wa jirani aliniuliza naumwa nini.

Juni 12

Nesi anisamehe, leo nimefoka kwanza ndipo nikaandika.

Baba Justina amekata tyubu kuukuu ya trekta, ameigandisha kwa gundi kuzunguka buti lote. Nene kama ulimi wa ng'ombe. Nikatafuta kuku nimtume, sikumwona. Nikamwambia Dorika, "Mwambie hiyo imezidi unene." Dorika akamwambia. Akajibu kwamba ikibanwa italala.

Akashusha mfuniko. Ukarudi juu. Akaukalia. Ukamnyanyua kama mtoto. Akakaa na Dorika. Wapi! Wakamwita Masalu, mwili wake kama maksai wa kulimia. Wakahesabu, wakajitupa wote watatu. Ko! Ukaingia.

Tukapiga makofi. Masalu akainama kama mtu aliyepewa kombe.

Baba Justina akatia ufunguo afungue. Ufunguo ukazunguka kama kijiko kwenye uji. Mfuniko haukutikisika. Akavuta, akapiga ngumi, akausemesha taratibu kama anabembeleza ng'ombe wa maziwa. Hakuna.

"Dorika," nikasema, "mwambie achukue spana akifungue kiti cha nyuma, aingilie huko."

Dorika akamwambia. Baba Justina akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Dorika, muulize spana ziko wapi."

Baba Justina akamwambia Dorika polepole, "Ziko ndani ya buti."

"Nani kaziweka huko?"

"Mimi. Jana. Ili Masalu asiziazime."

Na Masalu amesimama hapo hapo! Akavaa kandambili zake, akaondoka bila kuaga.

Milango bado haijafungwa. Magurudumu bado. Kila kitu kinasubiri spana, na spana zinasubiri buti, na buti linasubiri spana. Huyu ndiye baba wa mjukuu wangu.

Juni 13

Asubuhi nilikuwa nafagia, buti likasema, "Kwe-e-e-ek."

Nikaacha ufagio. Likasema tena. Sasa nikajua kwa nini jana sikumwona kuku wangu. Alikuwa anaatamia mle ndani, kwenye gunia, kona ya nyuma kabisa. Tumemfungia mtu kwenye uzazi!

Baba Justina alikuja mbio. Akang'oa taa ya nyuma kwa kisu cha jikoni, tundu likapatikana. Mkono haupiti, lakini mtama unapita, na maji tunampelekea kwa mrija wa bua la jani la papai. Huyo mkwe amepiga magoti pale kumnywesha kuku mpaka jua limekuwa kali. Nimeona.

Juni 15

Pantaleo amekuja na shoka. Amekuja nalo kwenye Noah, limefungwa mkanda kiti cha mbele.

"Shemeji, tulipasue hilo buti mambo yaishe."

"Atakayeligusa Pijo la Alois kwa shoka, na mimi nitamgusa."

"Basi azima spana."

"Zako si unazo? Niazime."

Akacheka. "Spana za Noah haziingii kwenye mzoga." Halafu akakaa bila kukaribishwa, akasema kamati ya sherehe itapita Jumapili ijayo, tarehe ishirini na tatu, kuona kama Pijo limesimama kwa magurudumu yake. La sivyo Noah ndiyo itakayombeba padre, na imeisha hiyo.

Kutoka kwenye buti kuku akasema, "Kwek."

"Nini hiyo?" Pantaleo akauliza.

"King'ora," nikamjibu.

Juni 17

Dorika yuko kwenye mazoezi ya kwaya kila siku. Sina wa kumtuma. Leo nimeinamia tundu la taa nikasema, "Wewe kuku uliyeko humo, mwambie mtu fulani asile tu, atafute spana." Baba Justina akaja akainamia tundu lile lile nilipotoka: "Kuku, mwambie Mama nimezunguka gereji zote za Ushirombo, wanaona haya kuniazima, wameshasikia."

Nani kawaambia? Masalu.

Juni 19

Vumbi na upepo. Vifaranga wanalia ndani ya buti.

Juni 22, Jumamosi

Nimekaa kwenye mkeka, mgongo unaniuma, lakini ya leo lazima niyaandike yote.

Dorika na Justina walikwenda mjini kushonewa sare. Tukabaki mimi na mkwe, na kesho kamati inakuja. Asubuhi fundi mmoja wa bodaboda alimpa spana moja, ameiba kwa bosi wake kwa muda. Ikaingia kwenye boliti za kiti cha nyuma. Basi Baba Justina akaanza kupigana na mkono wake mwenyewe wa Mei. Boliti alizokaza kama karasha zikamtoa jasho mpaka saa sita. Ya mwisho ilipoachia alianguka chali. Nilitaka kucheka nikaikumbuka presha.

Akakitoa kiti. Akaingiza kichwa kule gizani, mabega, kiuno. Kwanza akatoka kuku, amekasirika kama nesi, na vifaranga nyuma yake. Halafu spana zikaanza kurushwa nje, kla, kla, kla. Nikasema asante Mungu, sasa atoke.

Hakutoka. Nikasikia anasema mle ndani, "Ngoja niufungue kabisa." Ubishi! Akajisukuma mbele, miguu nayo ikaingia. Halafu, "Mayu wee! Nimenasa."

Mkanda wa suruali ulikuwa umeshikwa na chuma fulani, mikono iko mbele, kurudi nyuma hawezi. Mimi nimesimama nje. Kuku ana shughuli na wanawe. Nikaangalia huku na huku, nikaliona turubai.

"Wewe turubai," nikasema, "mwambie aliyeko ndani apige teke."

"Turubai, mwambie Mama nimepiga, nimeumiza goti!"

"Turubai, mwambie avue mkanda."

"Turubai, mwambie Mama mikono haifiki!"

"Turubai, muulize ni nani alimtuma!"

Hapo hakujibu. Nikangoja. Nikapiga mfuniko kwa kiganja. Akakohoa kidogo tu. Nikainamia tundu la taa, na ile harufu ya gundi ikanipiga usoni kama kofi. Jua la saa sita, bati limewaka moto, gundi ndani inachemka, na mtu yuko humo, mwili wake umeziba njia aliyoingilia, hewa ni ya tundu moja.

"Turubai, mwambie aseme kitu," nikasema. Kimya.

Ndugu zangu, mimi nimezaa, nimezika, nimevuna pamba na mimba ya miezi minane. Sijawahi kuogopa hivyo. Nikashika lile buti kwa mikono miwili nikapiga kelele:

"DEUSDEDIT! Deusdedit mwanangu! Nijibu!"

Nimelitaja. Na hapa nimeliandika. Likae.

Sauti ikatoka ndogo, "Mama."

"Niambie nifanye nini!"

"Ndoano... imebanwa na mpira. Ukandamize mfuniko... niigonge."

Nikafunga kitenge, nikakanyaga bampa, nikapanda. Mimi, mjane, mama wa padre mtarajiwa! Nikakaa juu ya buti kwa uzito wote niliopewa na Mungu. "Gonga!"

Akagonga. "Kandamiza zaidi!"

"Uzito ndio huu, mwingine nautoa wapi? Gonga Deusdedit!"

Ko!

Ile tyubu ilikuwa imekaa siku kumi inasubiri kulipa kisasi. Mfuniko uliruka na mimi juu yake. Niliona mlimau, nikaona mbingu, nikaangukia kwenye lundo la pamba yangu pale uani, ambayo haijafungwa marobota. Namshukuru Mungu kwamba wanunuzi wamechelewa mwaka huu.

Nilipochomoza kutoka kwenye pamba, yeye naye alikuwa anachomoza kutoka kwenye buti, mweusi kwa grisi, anahema. Tukatazamana. Miaka yote hii sikujua kwamba ana kovu kwenye nyusi na macho ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Umeumia, Mama?"

"Wewe je?"

"Hapana."

Halafu tukakumbuka. Yeye akajifunika uso kwa shati, mimi kwa kitenge, kila mtu akakimbilia upande wake.

Na Masalu alikuwa juu ya ukuta, anatazama.

Juni 23, Jumapili

Deusdedit ameanza kazi kabla jogoo hajawika. Kamati ilipofika, Pijo limesimama, milango iko mahali pake, injini inanguruma. Mwenyekiti akapiga teke tairi, akasema, "Limekubalika. Padre atapanda hili." Nilimwangalia Pantaleo. Alikuwa anatafuna kitu ambacho hakipo mdomoni.

Halafu akakohoa. "Ila kuna jambo. Shemeji amelitaja jina la mkwe, Masalu amesikia. Wametazamana. Ukoo umechafuka. Sasa lazima heshima irudi mara mbili. Mkwe ndiye dereva, maana gia za Pijo ziko kwenye usukani na hakuna mwingine anayeziweza. Basi mama mkwe hawezi kukaa ndani ya gari na mkwe wake, amtazame shingoni njia nzima. Utapanda Noah yangu."

Wazee wakatikisa vichwa. Mimi nikasema, "Alikuwa anakufa!"

"Hatusemi ulikosea kumwokoa," mzee mmoja akasema. "Tunasema sasa rudini kwenye nafasi zenu."

Pantaleo aliondoka akitabasamu. Pijo amelipoteza, mimi amenipata. Nitakaa nyuma ya kioo cheusi kama mzigo wa mwenye Noah, na mwanangu yuko mbele kwenye gari la baba yake.

Julai 4

Deusdedit ameliendesha mpaka barabara ya lami na kurudi. Kila kitu sawa, isipokuwa mfuniko wa buti sasa haukubali kufunga. Ukiushusha unaruka. Tyubu imeshikana na bati kama ngozi. Dorika ameniuliza, "Mama, mbona siku hizi humfokei?" Nikamfokea yeye.

Julai 8

Raphael yuko kwenye mafungo. Nilitaka kumpigia simu anihukumie. Nikaacha. Atasema Mungu haangalii mambo hayo. Mungu hana mkwe.

Julai 10

Pantaleo ameosha Noah mara mbili. Amenitumia ujumbe kwa Dorika kwamba nisije na matope.

Julai 11

Nimeona mwanangu amelala kifudifudi mbele ya altare, na mikono yake ikapakwa mafuta. Baraka yake ya kwanza amenipa mimi. Hayo siyaandiki sana, kalamu inalowa.

Tulipotoka, Pijo lilikuwa mlangoni, limepigwa rangi ya maziwa, maua kwenye boneti. Deusdedit kwenye usukani, macho mbele, shingo imekakamaa kama askari. Nyuma yake Noah, mlango umeshafunguliwa, Pantaleo ameushika kama mhudumu wa hoteli. Raphael akaingia kiti cha nyuma cha Pijo, akapapasa pembeni yake. "Mama, njoo."

Parokia nzima ikageuka. Wazee wananiangalia. Dorika anauma kanga.

"Shemeji," Pantaleo akaita kwa sauti ya asali, "huku kuna ubaridi."

Nikatembea. Nikapita mlango wa Raphael. Pantaleo akatabasamu mpaka jino la mwisho. Nikafika nyuma ya Pijo, mfuniko wa buti uko wazi hewani kama mdomo. Nikakung'uta kitenge, nikageuka, nikakaa ndani ya buti, miguu ikining'inia nje, mgongo kwa dereva.

"Wazee," nikasema, "namtazama mkwe shingoni? Nimempa mgongo. Kuna heshima kubwa kuliko hiyo?"

Mzee yule yule akafikiri. Akafikiri sana. Kisha akaanza kucheka, akashindwa kusimama, akashikwa na wenzake. "Desturi haijasema kitu kuhusu buti," akasema.

Vigelegele vikapaa. Raphael akagonga bati kwa ndani: "Mama, umekaa?"

"Nimekaa! Twende!"

Tukaondoka kwa mwendo wa harusi, kwaya inaimba mbele. Na Pantaleo, kwa kuwa msafara ni msafara, alilazimika kutufuata nyuma nyuma, vumbi lote la Julai likimpakaa kwenye kioo, na njia nzima, kila akiinua macho, mbele yake ni mimi. Nilimpungia mkono. Alipiga honi. Nikampungia tena. Kwenye kila shimo gari lilipunguza mwendo kabisa, likapita taratibu kama limebeba mayai, na mimi najua ni mguu wa nani ulikuwa kwenye breki.

Julai 13

Mgongo unauma, kiuno kinauma. Nesi Philomena amenipima, presha imeshuka. Amesema kalamu ni dawa.

Jioni Dorika ameleta ujumbe: mumewe anauliza kama sasa abandue ile tyubu, buti lifunge vizuri. Nimemwambia akiligusa nitamrudisha Katoro kwa miguu.